Barua ya wazi kwa mpwa wangu wa Ngamiani, Tanga: ziwa lako bado halijalowa

Mpwa wangu,

Picha yako ya ziwa la mlimani, uliyoiunda kwa kompyuta, nimeiona, na maoni ya wenzako nimeyasoma yote. Mmoja kasema maji ni kioo cha kabati. Wa pili, mlima unaelea. Wa tatu anataka ukungu uongezwe, wa nne mwanga upunguzwe. Usikimbilie kutii. Mtazamaji ni kama mgonjwa: akisema panauma hapa, mwamini; akikutajia na dawa, ngoja kwanza. Hao wawili wa mwanzo hawakupatana kwa maneno, ila vidole vyao vimeangukia sehemu moja, pale maji yanapokutana na nchi kavu.

Umechukua bapa la maji ukalipenyeza mlimani, basi. Pamebaki mkato wa wembe, na jiwe lililo nje ya maji lina rangi ileile ya jiwe lililozama. Nenda ufukweni Raskazone maji yakipwa utazame mawe: lililolowa limekolea rangi na linang'aa, lililokauka limefifia. Utepe huo wa unyevu ndio unaokosekana. Kwenye Blender, hiyo programu unayoundia picha, unaupata kwa kupima kimo cha kila nukta ya ardhi kutoka usawa wa maji. Kuanzia 0 hadi sentimita 15 au 20, rangi ishushe mwangaza iwe kama nusu, na mparuzo wa uso (roughness; ukishuka, jiwe hung'aa) uutoe 0.8 uupeleke 0.3. Ukingo wa juu wa utepe uvunjevunje kwa madoa, usinyooke kama rula. Tena usipitilize kwa mazoea ya pwani: ziwa halijai na kupwa kila siku kama bahari yetu. Utepe wa mita tatu utamfanya mtazamaji aisubiri ngalawa.

Kioo cha kabati nacho kina sababu yake. Kipimo cha mpindo wa nuru (IOR) umekiacha kama kilivyokuja na programu, mara nyingi 1.45 au 1.5. Hicho ni cha kioo kweli! Maji ni 1.333. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ukitazama wima kwenda chini, uso wa 1.5 hurudisha asilimia 4 ya nuru, wa maji asilimia 2 tu. Mara mbili nzima. Halafu pembe. Kamera yako ikiwa mita 1.7 juu ya maji, kimo cha macho ya mtu aliyesimama, basi mita 1.7 mbele ya miguu maji hurudisha kama asilimia 3, kwa hiyo changarawe ya chini lazima ionekane. Mita 10 mbele yamefika kama 35, na kule mbali ni mbingu na mlima vitupu. Wewe umeyafanya yote yawe kioo kuanzia miguuni, ndiyo maana jicho linakataa. Kipimo kikiwa sahihi, programu itapiga hesabu hiyo yenyewe. Kazi yako ni kuweka chini kitu cha kuonekana, yaani mawe, mchanga, gogo lililozama.

Vijiwimbi ulivyoweka ni vya Bahari ya Hindi. Kwa asubuhi tulivu ziwani, karibu na kamera, urefu wa sentimita 10 hadi 30 kutoka mgongo hadi mgongo unatosha, kimo kisizidi sentimita moja. Wala visienee sawa. Upepo hugusa maji kwa mabaka: hapa pamekwaruzwa, pale pamelala. Mvuvi yeyote wa Deep Sea, pale Tanga, atakuonyesha. Tengeneza barakoa ya mabaka yenye upana wa makumi ya mita, ifiche vijiwimbi sehemu na sehemu. Hapo taswira ya mlima itavunjika na kurefuka kuja kwako mahali fulani, na kubaki safi mahali pengine.

Aliyeomba ukungu, mshukuru, usimfuate. Sisi tumezoea hewa nzito. Ukiwa Tanga mjini, Usambara ikionekana ni kivuli cha buluu tu. Hewa ya mlima mrefu ni nyembamba na kavu, na mlima ulio umbali wa kilomita tano hubaki na mikunjo yake wazi. Weka ukungu mwepesi sana, uutie buluu kidogo kwa mlima wa nyuma kabisa, basi.

Theluji umeipaka kama chokaa ukutani. Mteremko ukizidi nyuzi 50 hivi, nyingi huporomoka na mwamba hubaki mtupu. Tumia uelekeo wa uso (normal), ile sehemu yake ya wima: tambarare ni 1, ukuta ni 0. Chini ya 0.6 usiweke theluji, juu ya 0.75 iwe kamili, katikati ichanganyike. Na angalia bonde la kushoto: liko chini ya usawa wa ziwa lako na halina kizuizi. Maji hayo yangeshamwagika zamani. Inua kingo, au uchimbe mto wa kutokea.

Sasa namna ya kuuliza. Funga kamera na jua, usivisogeze tena, la sivyo hakuna atakayejua kilichobadilika ni nini. Badilisha kitu kimoja, hifadhi faili kwa jina jipya, ziwa_04, ziwa_05. Toa picha kwa nusu ya upana na nusu ya kimo. Pikseli ni robo, na muda nao hushuka karibu kiasi hicho. Chenga, vile vidoadoa vya picha, zisikutie wasiwasi mapema: kuzipunguza nusu kunahitaji sampuli (mara ambazo programu hupima nuru ya kila pikseli) mara nne, 128 hadi 512, na hiyo ni kazi ya siku ya mwisho. WhatsApp itume kama faili, si kama picha, maana ikibanwa vijiwimbi vyote hugeuka uji. Usiulize "mnaionaje?" Utapewa "safi sana mkuu." Uliza: jicho lako limekwama wapi? Na wasiwe watu wa kompyuta peke yao. Mtu wa Lushoto, kule milimani, ataiona miti iliyosimama mahali isipoweza kushika.

Mtumbwi ule mwekundu uufiche kwanza. Nitumie ziwa_05 yenye utepe wa unyevu tu, kila kitu kingine kikiwa kilekile.

Mjomba wako