Pishi mbili za siku ya sita

Dada yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Naamini mmeamka salama, wewe na watoto. Sisi huku hatujambo, mama mguu wake umepata nafuu na anawasalimu sana.

Tangu nitoke kwako, jambo moja limekataa kunitoka moyoni. Ilikuwa Jumapili, saa nne usiku, nawe uko kwenye cherehani unashona sare za watu. Kitinda mimba amelala chini juu ya mabaki ya vitambaa, chaki ya kukatia imempaka shavuni. Nikakusihi ulale. Ukanijibu bila kuinua macho: "Nikisimama tutakula nini?" Sikuwa na la kusema.

Juzi nimelikuta swali lako kwenye Walawi 25. Waisraeli waliagizwa waache mashamba yapumzike mwaka wa saba, na Mungu akajua kabisa watauliza hivyo hivyo: tutakula nini? Hakuwakemea. Aliwaahidi baraka katika mwaka wa sita, mavuno ya kuwafikisha hadi wa tisa. Nililia, dada. Kumbe swali lako lilishasikiwa zamani.

Nikarudi nyuma mpaka Kutoka 16, na hapo ndipo nimekaa wiki nzima. Wana mwezi mmoja tu tangu watoke Misri. Sinai hawajafika, mbao za Amri Kumi hazijaandikwa, lakini Sabato wameshaanza kufundishwa, tena kwa chakula. Kila asubuhi umande ukiinuka wanaokota mana, pishi moja kwa kila kichwa. Aliyelaza akiba mpaka kesho yake alikuta mabuu na uvundo. Ila siku ya sita waliokota pishi mbili, na ile ya pili ikalala bila kuharibika. Wapo waliotoka hata siku ya saba kwenda kutafuta. Hawakupata kitu.

Zamani niliwaona hao kama wakaidi tu. Sasa nawahurumia. Hawa ni watu waliofyatua matofali ya Farao kwa hesabu, na hata waliponyimwa majani ya kuchanganya na udongo, hesabu haikupunguzwa hata tofali moja. Mtu aliyekulia hivyo, ukimwambia kaa chini, moyo unamwenda mbio. Kutoka Misri ilikuwa usiku mmoja. Kujifunza kukaa chini, Mungu aliwafundisha kila juma kwa miaka 40, zaidi ya mara 2,000, mkate ukishuka na kusimama, mpaka walipokula mazao ya Kanaani na mana ikakoma. Hakuchoka nao. Nadhani hatachoka na wewe wala mimi.

Wayahudi hata leo, Ijumaa jioni, huweka mezani mikate miwili ya kusokotwa na kuifunika kitambaa, kwa kukumbuka zile pishi mbili. Sabato yao huanza jua likizama. Sisi tunaoanza saa moja giza likiingia tunalielewa hili upesi: siku inaanza watu wakienda kulala, kazi zao bado ziko mbele. Mtu anapokea usingizi kabla hajafanya lolote la kuustahili.

Mambo ya Jumamosi au Jumapili sitaki kuyagusa hapa, unajua tulivyowahi kubishana. Kinachonisumbua ni kwamba wewe huna hata moja.

Na kuna hili, usinikasirikie. Kumbukumbu la Torati 5 inasema pumziko ni la mtumishi wako pia, apumzike kama wewe, kwa sababu ulikuwa mtumwa Misri. Yule binti anayekusaidia kutia vifungo na kukunja pindo, usiku ule macho yalikuwa mekundu. Usiposimama wewe, yeye atasimamaje?

Nimesoma pia mwisho wa 2 Mambo ya Nyakati, pale nchi ilipobaki ukiwa miaka 70, watu wako Babeli, mpaka ardhi ikafidiwa Sabato zake. Sijakuandikia hilo kukutisha. Nimelifikiria kwa sababu ya mgongo wako, na ile ganzi ya vidole uliyoniambia inakuja asubuhi.

Wala sisemi fedha zitashuka kama umande. Kodi ipo, ada ipo. Lakini mana nayo iliokotwa kwa mikono, na siku ya sita walifanya kazi maradufu, wakaoka na kutokosa mapema. Pumziko lao liliandaliwa. Basi na lako tuliandae.

Jumamosi hii nitapanda basi la asubuhi. Nitakuja na maharage nimeshayachambua, na unga. Weka kando sare zinazodaiwa Jumatatu, wewe ushone, mimi na binti tutatia vifungo na kupiga pasi. Jioni tupike cha siku mbili, kisha uifunike cherehani kwa ile kanga yako ya kijani. Wateja waambie mapema kuwa Jumapili hufungui. Yule mama wa sare sita, kama ataona vigumu kungoja, nitaongea naye mwenyewe.

Usinunue mafuta, nitakuja nayo.

Mdogo wako akupendaye katika Bwana.