Ndama Haachishwi kwa Kalenda, Tazama Kopo

"Naomba dawa ya minyoo. Ndama wangu ana tumbo kama mtungi, manyoya yamesimama, hakui."

Hakuna wiki inayopita hapa dukani kwetu Tukuyu bila kusikia maneno hayo. Dawa tunayo, na tungeweza kuuza tukanyamaza. Lakini kwanza tunauliza: ulimwachisha maziwa lini, na sasa anakula nini? Jibu mara nyingi ni lilelile: miezi miwili ilitimia, sasa yuko kwenye majani ya mabingobingo.

Minyoo inaweza kuwepo, sawa. Ila huyo ana njaa. Ndama huzaliwa na matumbo manne kama mama yake, lakini lile la kwanza, linalochachusha majani, bado ni dogo na halijaanza kazi. Maziwa hulipita na kwenda moja kwa moja tumbo la nne. Kinacholikomaza ni nafaka na maji, kwa sababu nafaka ikichachuka humo, kuta zake huota vinyweleo vya kufyonza chakula. Majani hulitanua. Akipewa majani matupu mapema, tumbo linakuwa gunia tu, linajaa na mwili haupati kitu.

Basi acha kuhesabu miezi. Ndama wa ng'ombe wa maziwa akila kilo 1 ya chakula cha ndama, yaani mchanganyiko wa nafaka, kwa siku, siku 3 mfululizo, yuko tayari kuachishwa. Mwingine hufika hapo wiki ya 8, mwingine ya 12, na aliyewahi kuharisha huchelewa. Anza wiki ya kwanza kumwekea konzi moja. Akimaliza maziwa, mtie kidogo mdomoni aonje. Kikibaki, kesho mpe mama yake na umwekee kipya. Maji safi yawe kwenye ndoo yake muda wote. Wapo wanaosema maziwa yanatosha kuwa maji, lakini ndiyo hayohayo yanayolipita tumbo la kwanza.

Siku ikifika, usikate ghafla. Kama anakunywa lita 2 asubuhi na 2 jioni, ondoa za jioni wiki nzima, kisha umalizie. Wiki hiyo usimhamishe banda wala kumkata pembe, na chakula kibaki kilekile kwa wiki mbili zaidi.

Utasema kila mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, maana chakula hicho tunakiuza. Haya, changanya mwenyewe: mahindi yaliyoparazwa, pumba, mashudu ya alizeti yasiyo na ukungu, madini. Urea usiweke kabisa. Kwa ndama ni sumu.

Njoo na kopo lako la nyumbani. Tutapima kilo 1 ya chakula kwenye mizani, tukitie humo na kuchora mstari kwa rangi, bila malipo. Dawa ya minyoo tutaizungumza ukishatuambia uzito wa ndama. Utepe wa kumpimia uzito tunaazimisha.