Alamu ya saa 2 usiku sio kila mara ARV

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako.

Nimechoka kusikia waliopandikizwa figo wanaitwa wazembe wa dawa. Mume wangu ni mmoja wao, figo kapewa na dada yake, tunaishi Uyole hapa Mbeya. Takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, anameza saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, kila siku, maana mwili haujawahi kuizoea hiyo figo, bado unaiona mgeni, ukiuachia tu unaanza kuishambulia na mtu anaweza asisikie maumivu yoyote mpaka kreatinini, ile taka ya kwenye damu inayoonyesha figo imechoka, ishapanda.

Sasa saa 2 usiku watu wako wapi? Kikao cha harusi, msibani, kwaya. Simu inalia, anatoa kidonge, na mikoa yetu hii, Mbeya, Iringa, Njombe, ukimeza dawa kwa saa watu washamaliza hesabu: huyo ana ukimwi, anameza ARV. Nilimsikia mama mmoja ananong'ona "kumbe na yeye yumo". Toka hapo mzee akawa anazima alamu, eti nitameza nyumbani, na kufika nyumbani ni saa 5. Huo ndo uzembe wenyewe.

Kinachoniuma, kwenye ARV tulishajifunza haya mambo. Mgonjwa anapata dawa bure zahanati ya karibu, kuna mshauri, akipotea anatafutwa. Kwanini wa figo wasipate hivyo? Upandikizaji umeanza nchini 2017 pale Muhimbili, 2018 hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, zamani wengi walikuwa wanaenda India, hongera sana kwa hilo, ila sisi dawa na kipimo cha kiwango cha dawa kwenye damu tunafuata Dar. Na damu inatolewa kabla hajameza ya asubuhi, kwahiyo mtu kakesha kwenye basi, yuko foleni na kidonge mfukoni, saa 2 imepita, saa 4 hiyo, bado hajaitwa (na jamani dawa zikae begi la mkononi, sio kwenye buti la basi). Wizara ituletee huduma hii huku kanda, hata kama ni damu tu ichukuliwe hapa isafirishwe.

Wachungaji nao wasimwambie mtu kashapona aache vidonge. Na mkija kumsalimia mgonjwa msimletee balungi, linapandisha dawa kwenye damu kupita kiasi. Parachichi leteni tu.

Mke wa mgonjwa,
Uyole, Mbeya