Mhariri, huo ni wino wa rais

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi, mengine nikiyatumia baadaye kukatia pateni za magauni, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ila ile makala ya Jumapili iliyopita, ya historia ya uchaguzi Jimbo la Arusha Mjini, imenishinda kunyamaza.

Kwanza mmeandika kwamba upinzani uliingia Arusha Mjini mwaka 2010, na Godbless Lema wa CHADEMA. Na Makongoro Nyerere je? Mtoto wa Baba wa Taifa mwenyewe alilichukua jimbo hili mwaka 1995 kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, enzi zile Augustino Lyatonga Mrema anagombea urais kwa chama hicho hicho. Halafu mkifika kwa Mrema aliyekuwa mbunge wetu wa CCM mpaka 2010, mnaweka picha ya Lyatonga! Wetu alikuwa Felix. Wachaga wanaoitwa Mrema hawahesabiki, mwandishi angeuliza tu.

Lakini hayo ningeyameza. Kilichonikera ni sentensi moja: "Oktoba 2015 Lema alitetea kiti chake." Oktoba ipi, mhariri? Oktoba 25, 2015 nilikuwa kwenye foleni hapa Kaloleni kabla jua halijatoka, nikapewa karatasi mbili, ya rais na ya diwani. Ya mbunge haikuwepo kwa sababu mgombea wa ACT-Wazalendo, Estomih Mallah, alikuwa amefariki siku chache kabla, na sheria inataka uchaguzi wa kiti hicho uahirishwe. Tukarudi Desemba 13, wiki saba kamili baadaye, kuchagua kati ya Lema wa CHADEMA na Philemon Mollel wa CCM. Nikanyoosha mkono, karani akakitazama kidole changu kidogo, akakodoa macho. "Mama, wewe si umeshapiga?" Ule wino wa Oktoba ulikuwa umepanda na ukucha mpaka katikati, kimstari cheusi kama uzi uliosahauliwa kwenye pindo. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni fundi cherehani, kucha sizikati ovyo, nazitumia kukunjia kitambaa." Hataki. Akaitwa msimamizi, msimamizi akaita mwenzake, wote watatu wameinamia kidole changu kama madaktari, na foleni nyuma inazomea. Mpaka kijana mmoja akapaza sauti: "Mwacheni mama apige, huo ni wino wa rais, wa mbunge hajapata!" Watu wakacheka, nikapiga kura yangu, nikakuta wateja wawili wa sare za shule wameshaondoka. Leo mnaniambia siku hiyo haikuwepo.

Na 2012 ndiyo mmeiruka kabisa. Aprili 5 Mahakama Kuu ilitengua ubunge wa Lema, aliyemshinda Batilda Burian wa CCM 2010, kwa madai ya lugha ya matusi kwenye kampeni. Desemba 21 Mahakama ya Rufani ikamrudishia, ikisema wapiga kura waliofungua kesi hawakuwa na haki ya kuifungua, kwani haki zao wenyewe hazikuguswa. Miezi minane na zaidi hatukuwa na mbunge, na ndio mwaka tuliopandishwa kuwa Jiji. Jiji zima bila mbunge! Badala yake mmetuwekea picha ya shangwe za Joshua Nassari wa CHADEMA, ambaye alishinda Arumeru Mashariki, Aprili 1. Usa River si Arusha Mjini, nauli ya kipanya inatosha kukuonyesha. Uwanja wa Soweto uko hatua chache tu kutoka kwenye cherehani yangu, ila bomu lililolipuka pale kwenye mkutano wa CHADEMA Juni 2013 sitaki hata kuligusa, maana hamkuligusa na nyinyi.

Wabunge wa 2020 na 2025 hamkuwakosea. Mrisho Gambo na Paul Makonda wamepata picha za rangi, nusu ukurasa kila mmoja.

Kabla hujaniuliza mimi wa chama gani: kadi nilizonazo ni ya NIDA, ya mpiga kura na ya kikoba. Wala simtetei mtu. Na hapo hapo nikuulize, hivi siku hizi wanaoandika habari za Arusha wanafika Arusha? Juzi mmeandika "Manispaa ya Arusha". Mwezi uliopita mvua ilijaza mitaro ya Unga Limited mkaweka picha ya mafuriko ya mji mwingine, nimeyajua kwa bajaji, zetu si za rangi ile.

Naomba yafuatayo. Sahihisho litoke ukurasa wa tatu, kwa herufi za ukubwa ule ule wa kichwa cha makala, lisibanwe chini ya matangazo ya waganga. Na huyo mwandishi aje kwangu na daftari la kurasa 64 na kalamu ya wino mweusi. Nitamkalisha kwenye benchi, nimpake kidole kidogo, kisha akae wiki saba bila kukata ukucha, ndipo aandike upya. Chai nitampa mimi, andazi atajinunulia.

Fundi cherehani,
Kaloleni, Arusha