Kabla hujanunua vidonge vya bakteria kwa ajili ya figo, tuzungumze habari ya choo

Hapa dukani kwetu Chake Chake haipiti wiki hajaja mtu kuuliza "mna ile dawa ya kusafisha mafigo?", na skuizi wengine wanakuja na picha kabisa kwenye simu, kopo la bakteria wazuri, kaambiwa kwenye grupu la WhatsApp kuwa linashusha kriatinini, ule uchafu wa kwenye damu unaopimwa kujua figo linafanyaje kazi. Kopo lipo, hatukatai, lakini hebu sikiliza kwanza.

Kwamba bakteria wa tumboni wanahusika na maradhi sugu ya figo si uzushi. Wengi wao wako utumbo mpana, wanakula kile kilichobaki, ukiwapa nyuzinyuzi za kunde na mboga wanatoa vitu vinavyolisha ukuta wa utumbo. Ukiwanyima hizo na choo kikafunga siku kadhaa wanageukia protini, wanatoa indoli na para-kresoli, zinafika kwenye ini zinageuzwa sumu nyengine zinazotakiwa kutoka na mkojo. Figo zima linazitoa wala hujui, figo lililochoka linaziacha zizunguke kwenye damu, zinaumiza mishipa na lile figo lenyewe linazidi kuharibika. Na hata mashine ya kusafisha damu inazitoa kidogo tu, mana zinang'ang'ania albumini, ile protini ya kwenye damu.

Halafu yurea, ule uchafu unaobaki mwili ukishatumia protini, ikizidi mwilini inaingia hukohuko tumboni, bakteria wanaigeuza amonia, amonia inachubua utumbo na uchafu unapenya kwenye damu. Yani figo linaharibu tumbo na tumbo linaharibu figo.

Sasa vidonge je? Baadhi ya tafiti zinaonyesha sumu hizo zinapungua kidogo, ila kwamba vinazuia figo lisife haijathibitika, kwa hiyo sisi hatukuuzii kama dawa ya figo.

Tunachokuuliza sisi ni choo unapata vipi. Wagonjwa wa figo wengi wanafunga choo na mara nyingi sababu ni dawa zao wenyewe, vidonge vya madini ya chuma, vya kalsiamu, pamoja na kukatazwa matunda. Na hapo ndo mtu anakimbilia haluli! Jamani, haluli ya chumvi ni magnesiamu, figo bovu haliwezi kuitoa, inajaa mwilini na inaweza kuua. Ipo dawa ya maji ya kulainisha choo inaitwa laktulosi, hiyo muulize daktari wako. Daiklofenaki, ile dawa ya maumivu mnayonywea mgongo, nayo inaumiza figo, iacheni, khasa kama una presha.

Nyuzinyuzi nazo zina mtihani wake, mana mboga nyingi zina potasiamu, madini ambayo figo bovu linashindwa kuyatoa, na daktari akishasema potasiamu yako iko juu basi madafu na ndizi si vya kujinywea na kujilia tu, muhogo unaukata vipande vidogo unauchemsha kwa maji mengi na maji yale unayamwaga. Juisi ya birimbi achana nayo kabisa, ina oksaleti nyingi, kitu kinachoganda vijiwe vidogo ndani ya figo, na kuna watu, India khasa, waliokunywa nyingi mafigo yakagoma ghafla.

Kama una sukari au presha na hujawahi kupima kriatinini na albumini ya mkojo, pita hospitali kwanza, kopo halikimbii. Ukija kwetu njoo na mfuko mzima wa dawa zako, hata za miti shamba, baada ya laasiri ndo tunakuwa na nafasi ya kuzipitia moja moja.