Shoga, usiahirishe kwanza

Shoga yangu Tatu,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Najua umecheka. Nimeiandika makusudi, maana ujumbe wako wa jana haukuwa na chembe ya kicheko, nami sikuzoea kukusoma hivyo. Watoto hawajambo. Bi Mkubwa goti limetulia, anakusalimu na anauliza kama bado unasoma usiku kwa taa ya simu. Nimemwambia ndiyo. Amesonya.

Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni hilo neno lako la jana kuhusu mtihani wako wa Kiingereza, IELTS, ile sehemu ya kusoma: "naahirisha". Ningekupigia, lakini kwenye simu wewe hunimalizia maneno kabla sijayasema, kisha unayajibu yale uliyonimalizia. Kwenye maandishi angalau utanifikisha mwisho.

Hayo matokeo uliyonitumia nimeyatazama. 24, 25, 26, 24, tena 25, kati ya maswali 40. Unasema umefanya mitihani ya majaribio mpaka umeichoka, na Kiingereza chako kimegoma. Tatu, Kiingereza hakijagoma. Unachofanya kila jioni ni kujipima. Unakaa, unaweka saa, dakika 60, vifungu vitatu, maswali 40, unasahihisha, unahesabu, unanuna, unalala. Kesho karatasi nyingine. Kufunua chungu kila dakika hakuivishi kilichomo. Karatasi nzima inakwambia umefika wapi, basi. Kazi yenyewe ni ile unayoiruka kwa kuwa inaudhi: kurudi kwenye kila swali ulilokosa na kuliuliza, wewe umenitokaje?

Kwa kuwa hukuifanya, nimekufanyia mimi. Zile picha za karatasi tatu nimeziweka mbele yangu, nikayapanga makosa yako kwa aina ya swali badala ya kuyajumlisha. Shoga, hebu kaa chini. Maswali ya kuchagua A, B, C, D unayapata karibu yote. Ya kujaza nafasi unapoteza moja moja, tena kwa ukaidi, nitakuja huko. Ya kulinganisha aya na vichwa vya habari si mabaya. Ila yale ya True, False na Not Given, unapoambiwa useme kama kifungu kinaikubali kauli, kinaikataa, au hakikuitaja kabisa, jamani! Hapo ndipo panapovuja. Karibu nusu ya ulivyopoteza vyote vimepotelea hapo.

Na kuna jambo la ajabu zaidi. Kile kifungu cha historia ya vioo, ambacho ulilalamika hujui lolote juu yake, umekosa mawili tu. Kile cha nyuki, wewe mwenye baiolojia yako, wewe uliyetufundisha sote kwamba nyuki hawa na wale si wamoja, umekosa sita. Sita! Nikadhani nimehesabu vibaya, nikarudia. Ni sita.

Tazama mwenyewe. Kifungu kinasema nyuki akipata maua hurudi mzingani, akacheza, na kwa ule mchezo wenzake wakajua waelekee upande gani na ni mbali kiasi gani. Kauli ya kwanza: wenzake hujua upande tu, umbali hawaujui. Umeandika False. Safi, kifungu kinakataa waziwazi. Kauli ya pili: nyuki wanaocheza ni majike. Umeandika True, ukapiga na mstari chini kwa raha zako. Ni kweli, Tatu. Duniani ni kweli. Lakini ndani ya kile kifungu hakuna aliyetaja jike wala dume, kwa hiyo jibu ni Not Given, na alama imekwenda. Ukaandika pembeni, "Mtihani wa uonevu huu!" Hapana. Mtihani haukukuuliza unajua nini kuhusu nyuki. Umekuuliza ukurasa umesema nini. Ulikimalizia kifungu maneno kama unavyonimalizia mimi.

Sasa nimeelewa kwa nini unaposoma jambo geni unafanya vizuri. Hapo huna la kuongeza, unalazimika kuegemea kilichoandikwa. Jambo unalolijua, kichwa chako kinajibu kabla ya macho. Na hivi vifungu huchukuliwa kwenye vitabu, majarida na magazeti yaliyoandikwa kwa msomaji wa kawaida, si kwa mabingwa. Istilahi ngumu ikiwemo, mara nyingi kifungu chenyewe huieleza, au huwekwa maana yake chini. Kwa hiyo hiyo baiolojia yako ivue mlangoni, utaivaa ukitoka.

Kuhusu False na Not Given, kwa maana najua utaniuliza na utauliza kwa ukali: ukitaka kuandika False, nionyeshe sentensi inayokataa. Iguse kwa kidole. Huna sentensi ya kugusa? Basi si False, hata kama roho inakuambia kauli haiwezekani. Na tena usiisake nusu saa. Maswali ya aina hii hufuata mpangilio wa kifungu. Kama jibu la swali la nne umelipata aya ya pili, na la sita liko mwanzo wa aya ya nne, la tano liko katikati ya hizo au haliko kabisa. Pita hapo, usome kwa utulivu, hulioni, andika Not Given uende zako. Nimeona kwenye karatasi zako maswali ya mwisho ya kifungu cha tatu yameachwa wazi. Muda ulikwisha ukitafuta kitu ambacho hakikuwekwa. Na kuacha wazi ni dhambi ya pekee: jibu lisilo sahihi halikatwi alama, kwa hiyo hata kubahatisha ni bora kuliko pengo.

Halafu yale maneno madogo. "Yote", "baadhi", "tu", "huenda", "mara nyingi". Macho yako huyaruka yakikimbilia maneno marefu yanayotisha. Kifungu kikisema baadhi ya watafiti wanaamini, na kauli ikasema watafiti wote wanakubaliana, tofauti nzima iko kwenye kineno ulichokiruka. Ukiona kauli ina "tu" au "yote", simama.

Hapa nichomeke la kaka yako, maana umelileta kama ushahidi kwamba wasahihishaji wana chuki. Kaka alipata maswali 30 akapewa daraja la 6, na wewe umeambiwa 30 ni daraja la 7. Tatu, kaka alifanya karatasi ya General Training, ile ya mambo ya kawaida ya maisha na kazi, wewe unafanya Academic, ya wanaokwenda chuo. Vifungu vyake ni vyepesi kuliko vyako, ndiyo maana vipimo vinatofautiana. Kwa Academic, 23 ni takriban 6 na 30 ni takriban 7. Kwa General Training, 30 ni takriban 6, na kufikia 7 hutakiwa kama 34. Hakuna aliyeonewa. Mwambie pia aache kukutisha kila mkikaa mezani.

Na uone hiyo hesabu inavyosema. Unazunguka kwenye 25, unataka 30. Ni maswali matano. Hapo kwenye True na False pekee unapoteza zaidi ya matano. Unataka kuahirisha miezi mizima kwa sababu ya tabia moja ya kujibu kutoka kichwani? Ingekuwa hujui kusoma ningekwambia ahirisha, tena mapema.

Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Nilisema nitakuja kwenye kujaza nafasi. Wanakuambia maneno yasizidi mawili, wewe unaweka matatu kwa kuwa "sentensi inapendeza zaidi". Umesema sawa kabisa, umepata sifuri kabisa. Kisha neno lenyewe limeandikwa mbele yako kwenye kifungu, nawe unalinakili ukiruka herufi. Tahajia inahesabiwa, shoga. Kama karatasi yako ni ya kuandika kwa kalamu, majibu yaandike moja kwa moja kwenye karatasi ya majibu, maana kwenye kusoma hakuna dakika za ziada za kuhamishia. Tena penye Yes na No usiandike True na False. Yale ya Yes na No yanauliza maoni ya mwandishi, haya mengine yanauliza taarifa. Soma maelekezo kila mara, hata kama umeyasoma jana.

Msamiati. Salma ameniambia yule mwalimu wake amekupa kadi za maneno, na kwamba sasa unakariri majina ya sehemu za meli za matanga. Kwa nini? Nani atakuuliza meli? Kuna mtaalamu wa New Zealand, Averil Coxhead, aliyetoa mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma yanayojirudia katika masomo ya kila aina. Katika maandiko ya kitaaluma aliyoyachambua, familia hizo zilikuwa karibu asilimia 10 ya maneno yote. Anza na hizo kabla ya meli. Na usiandike neno na maana yake peke yake. Chukua daftari, ukurasa ugawe mara mbili: huku namna kifungu kilivyosema, huku namna swali lilivyosema jambo lilelile. Kifungu: idadi yao imepungua kwa nusu katika miaka 10. Swali: wamebaki wachache kuliko zamani. Mtihani huu karibu wote ni kutambua kitu kilichobadilishwa nguo. Ukijaza kurasa chache za hivyo utaanza kuwaona hata wakijifunika.

Sasa ombi langu, na usikatae kabla hujamaliza kusoma. Wiki hii usiguse karatasi nzima hata moja. Zima saa. Chukua kifungu kimoja kwa siku, kimoja tu, na mbele ya kila jibu andika sentensi ya kifungu iliyokupa jibu hilo. Penye Not Given, andika kifungu kingepaswa kuongeza nini ili jibu liwe True. Itakuchosha, utanitukana, itakuchukua jioni nzima. Vumilia. Kisha nitumie hizo sentensi. Alama sizitaki, hata usizihesabu. Wiki inayofuata rudisha saa, dakika 20 kwa kifungu. Ndipo ufanye karatasi nzima moja, halafu tuongee habari ya kuahirisha tukiwa na kitu mkononi.

Ukishindwa sehemu hiyo moja tu, kuna vituo vinavyoruhusu kurudia stadi moja badala ya mtihani wote, ndani ya siku 60 tangu mtihani wa kwanza, kwa waliofanya kwa kompyuta. Si kila mahali, na si kila chuo kinapokea matokeo ya namna hiyo. Uliza kituo chako na chuo chako, usimuulize kaka.

Nilitaka kukueleza na habari ya Rukia na ile nyumba, lakini hiyo ni barua nzima peke yake na mimi nimeshachoka mkono. Kwa kifupi: amehama. Kwa urefu: subiri.

Sasa nijibu. Mtihani wako ni wa kompyuta au wa kalamu? Kwenye kile cha nyuki, yale makosa matano mengine yalikuwaje, uliyajibu kwa kuwa uliyasoma au kwa kuwa uliyajua? Unaanza na kifungu cha kwanza au unaruka kwenda cha tatu kama ulivyokuwa ukifanya shuleni? Unasoma maswali kabla ya kifungu au baada? Umelala saa ngapi jana? Hiyo tarehe ya mwisho ya kuahirisha ni lini hasa, maana umeandika "karibuni", na "karibuni" yako naijua? Na chuo kimeandika wapi kwamba wanataka 7 kwenye kusoma, au ni 7 kwa wastani? Hilo la mwisho lichunguze leo leo, kabla ya yote.

Nijibu kwa maandishi. Ukipiga simu sipokei.

Wako akupendaye,
Mwanaidi

N.B. Zile kadi za meli mrudishie Salma, mwalimu wake anazidai.