Harambee: basi la kwenda kwenye kaburi la Kapteni Swales

Bwana asifiwe, wapendwa. Wazee wetu, shikamooni.

Tunaandika kwa haya kidogo, maana hata deni la viti vya Pasaka halijaisha. Lakini tarehe 23 Februari haisubiri mtu.

Mliokuwepo mwaka jana mnakumbuka. Ibada ya kumkumbuka Kapteni Edwin Swales iliisha saa tisa na nusu, basi la kukodi halikurudi, na watoto 11 wa Shule ya Jumapili wakabaki nje ya lango la makaburi ya Leopoldsburg, huku kwetu Ubelgiji, mvua ya baridi ikiwapiga. Vidole vyao vilikufa ganzi, hata kikombe cha chai hawakuweza kushika. Mama mmoja alivua kitenge akawafunika watatu. Kitenge chenyewe kilikuwa kinachuruzika. Tulifika Hasselt saa mbili usiku, kwa magari ya watu tuliowaomba njiani. Aibu ile hatutaki irudi.

Wapo wanaouliza: huyo mzungu wa Afrika Kusini anatuhusu nini? Swales alizaliwa Inanda, Natal, mwaka 1915. Kabla hajawa rubani alipigana Kenya na Uhabeshi, vita vile vile walivyokwenda babu zetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na wale wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, waliotoka Kongo hadi Saïo, Uhabeshi, mwaka 1941. Wengi wa babu hao makaburi yao hatuyajui. La huyu tunalo hapa karibu, basi tukisimama pale tunawataja wote. Mwaka jana mzee wetu mmoja alianza kutaja jina la baba yake, akashindwa kulimaliza.

Na alivyokufa, watoto wamekariri. Usiku wa 23 Februari 1945 aliongoza ndege za mabomu juu ya Pforzheim, Ujerumani. Ndege ya adui ikamharibia injini moja, kisha ya pili. Yeye akabaki palepale akiwaelekeza wenzake hadi mwisho. Akaigeuza ndege yake, Lancaster ya mabomu, kurudi, nayo ikawa inashuka tu, mawingu mazito. Akawaamuru wenzake wa ndani ya ndege waruke kwa miavuli, akashikilia usukani ndege isiyumbe mpaka wa mwisho alipotoka. Alikutwa amekufa kwenye usukani huo, ana miaka 29. Usiku uleule Pforzheim walikufa watu zaidi ya 17,000, na hao pia tunawaombea. Hatuendi kushangilia mabomu.

Basi lingine, ambalo dereva wake anakaa kutusubiri, ni yuro 680. Shada la maua 60, hema 160. Jumla 900, mkononi tuna 215. Walioandika ahadi ni 34, waliotoa ni tisa. Majina hatutaji, kila mtu anajijua. Ni ninyi hawa hawa mliochanga zaidi ya yuro 3,000 kwa siku nne ili ndugu yetu akazikwe kwao Bukavu.

Mkabidhini mweka hazina baada ya ibada, kabla ya Jumapili ya kwanza ya Februari, maana basi hatulipati bila malipo ya awali. Mapato na matumizi yatasomwa kanisani, na risiti zitabandikwa mlangoni.

Asiye na fedha alete koti la mvua la mtoto, hata kuukuu, bora zipu ifunge.

Katibu, kwa niaba ya kamati